Supu ya Alfajiri Ilala, na Kura za New Jersey

Jumatano, 11 Juni 2025, saa kumi na mbili asubuhi, niliingia kibanda cha supu nyuma ya Soko la Ilala. Supu ya ng'ombe ya moto, ndimu haihesabiwi, pilipili ya kweli. Chapati ndiyo soli ya kiatu. Runingani, kura za maoni za kuteua wagombea ugavana New Jersey, jimbo la Marekani: Mikie Sherrill kawabwaga wenzake watano wa chama cha Democratic, Jack Ciattarelli kapita kwa chama cha Republican.

Mzee wa meza ya jirani akauliza, "Wajumbe wao wangapi?"

"Kule hakuna wajumbe, mzee wangu. Wanapiga wananchi wenyewe."

Akacheka mpaka supu ikamwagika. Muuzaji akamwongezea bure. Chenji yangu ya mia tano, bado naisubiri.