Daktari wa wanyama anayekuja nyumbani usiku: uzoefu wangu na kitoto cha paka cha kulea, Dar

Nianze na bei maana najua ndo mnayoitafuta. Nililipa 130,000 yote kwa yote, yaani kuja usiku 70,000, usafiri wa pikipiki yake toka Mbezi mpaka Tabata 20,000, dawa na dripu 25,000, na kurudi kuangalia hali 15,000. Ghali? Ndio, ghali. Nikiambiwa nilipe tena nalipa, na pesa yenyewe kubwa naona niliilipia zile dakika alizokaa na mimi kwenye simu kabla hajafika, hayo mengine hata kliniki ya mchana wangefanya, tatizo huyo paka asingefika huo mchana akiwa hai.

Mimi nalea watoto wa paka kwa muda, wale wanaookotwa sokoni na mitaroni, wakishajua kula wenyewe na wakipata chanjo wanaondoka kwa watu wao. Sina shirika wala nini, ni mimi na dada mmoja mtaa wa pili tunapokezana. Huyu wa stori hii anaitwa Kashata, aliletwa na kijana wa bajaji kwenye boksi la sabuni, kwa kuangalia meno wiki tano hivi, gramu 400 kasoro kwenye mzani wa jikoni, mlafi, kelele nyingi, na viroboto wa kumwaga. Jioni hiyo kala kacheza vizuri tu. Saa tano usiku naenda kuchungulia boksi namkuta kalala pembeni peke yake mbali na wenzake, namshika wa baridi kama kopo la soda lililotoka kwenye friji, kichwa hakishikiki, anafungua mdomo kulia sauti haitoki. Kipimajoto kikasoma 35 na pointi kidogo, na wa umri ule anatakiwa awe kama 38.

Nikapiga kliniki moja ambayo ubao wake umeandikwa masaa 24. Ikaita mpaka ikakata, nikapiga tena akapokea mlinzi, ananiambia dokta anaingia saa mbili asubuhi, af akaniuliza kwani huyo paka ni wa kununua? Sitaji jina, labda ni usiku ule tu, ila ule ubao wangeufuta bana.

Ndo nikampigia huyu daktari, namba yake nilipewa zamani na yule dada wa mtaa wa pili. Kapokea na sauti ya usingizi, hakuuliza niko wapi wala nina shilingi ngapi, cha kwanza kasema, "Dada, fizi zake zina rangi gani?" Nikawa sielewi naangalia nini akaniambia nifungue video nisogee kwenye taa, ninyanyue mdomo wa juu. Zilikuwa nyeupe jamani, hakuna hata dalili ya pinki. Akasema huyo kaishiwa damu, viroboto wamemnyonya, kitoto kidogo hivyo damu yake yote ni vijiko vichache tu kwa hiyo viroboto wengi wanaweza kummaliza, na amepoa na sukari nayo itakuwa imeshuka. Tunaanza na joto.

Hapo hapo mama mwenye nyumba kashtuka na taa zangu, kaja na kikombe cha maziwa ya ng'ombe kayapasha, kwa moyo mweupe kabisa, anataka tumnyweshe. Mimi kumkatalia mama wa watu siwezi. Dokta kasikia kwenye simu, akasema, "Mama shikamoo, maziwa tuyaweke pembeni kwanza, mtoto akiwa wa baridi tumbo lake halifanyi kazi na kumeza hawezi, yataingia kwenye mapafu." Mama akaitikia marahaba, akakaa chini akauliza basi nishike nini. Akapewa kazi ya kuchemsha maji. Aisee nilimpenda yule daktari kwa hilo tu, maana hakumfokea, na mama ndo aliyekuwa mikono yangu mingine usiku mzima.

Maelekezo yenyewe yalikuwa hivi. Maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, yasiwe ya kuchemka, chupa izungushiwe kanga, iwekwe upande mmoja tu wa boksi ili akiona joto limezidi aweze kusogea, na mgongoni afunikwe kitambaa kikavu. Nikauliza vipi hair dryer, akasema hapana, atakauka maji mwilini na anaweza kuungua, halafu akipashwa ghafla mwili unashtuka, tunataka joto lipande polepole. Asali, tone dogo tu kwenye ncha ya kidole, unampaka kwenye fizi usimtilie mdomoni, unarudia baada ya muda. Kama huna asali hata sukari iliyokorogwa na maji inafaa. Kumuogesha ili kutoa viroboto akakataa katakata kwa wakati ule, kasema chukua chanuo la viroboto, au kitana chochote chenye meno ya karibu karibu, uchane huku amefunikwa, kila kiroboto unachotoa kichovye kwenye bakuli la maji yenye sabuni ya vyombo. Yale maji yalibadilika rangi ya kutu, ndo damu yenyewe hiyo walionyonya.

Na akanitahadharisha kitu ambacho nakiweka hapa kwa herufi za kawaida ila kisomeni kwa herufi kubwa: usiguse dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina permethrini, sumu ya kuua wadudu, na paka hana uwezo wa kuivunja mwilini, anaanza kutetemeka, degedege, anakufa. Kumpulizia dawa ya mende nayo vile vile. Na panadol hata robo usimpe, kwa paka ni sumu. Nasisitiza kwa sababu wiki ile ile kwenye duka la pembejeo nilipewa ile ya matone ya mbwa, muuzaji ananiambia we mpe nusu tu.

Basi kama nusu saa hivi joto likafika 36 na nusu, Kashata akaanza kusukuma kidole changu kwa ulimi. Nikalia kidogo, sio mbaya.

Daktari mwenyewe alifika baadaye sana kuliko alivyosema. Alisema nusu saa, ikawa zaidi ya saa nzima, na hapa namkata alama. Kama unajua uko Mbezi sema ukweli mtu ajipange. Lakini alivyoingia kanawa mikono kwanza bila kuambiwa, akasikiliza moyo na mapafu, akampa maji ya dripu yaliyopashwa moto, kidogo kidogo chini ya ngozi kati ya mabega. Pale panavimba kinundu halafu kinashuka, msiogope, kinanyonywa chenyewe. Kasema hajazi maji mengi kwa sababu damu iliyobaki ni nyepesi tayari, ukiijaza maji unaiongezea wepesi. Maziwa ya unga ya watoto wa paka tulianza kumpa alipofika karibu 38, kalalia tumbo kama anavyonyonya kwa mama yake, sio chali kama mtoto wa mtu, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, tone tone.

Kilichonifanya nimwamini zaidi ni vile alivyosema mipaka yake. Kaniambia waziwazi hapa nyumbani siwezi kupima wingi wa damu, kama mpaka asubuhi hasimami atahitaji kuongezewa damu ya paka mkubwa mwenye afya, na hiyo inafanyika kliniki sio sebuleni, maana paka nao wana makundi ya damu, kuna A na B na lingine la nadra, ukichanganya vibaya unamuua. Akaniandikia kwenye karatasi pa kwenda. Hatukufika huko, asubuhi alisimama, kayumba, kaanguka kwenye sahani, kala akiwa amelala humo humo.

Kwa wanaouliza utajuaje ni daktari kweli na sio muuza dawa tu: Tanzania kuna Baraza la Veterinari, lipo kwa Sheria ya Veterinari ya 2003, na daktari anasajiliwa huko. Mimi nilimuuliza usajili wake akanionyesha bila kununa. Huyu kasoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Jina lake siliweki hapa sababu sijamuomba ruhusa.

Malalamiko mengine. Risiti hakuna, nilipewa karatasi ya daftari na ujumbe wa M-Pesa, kwa mtu anayechangiwa na watu kama mimi hiyo inasumbua kwenye kuhesabiana. Bei hakuitaja mpaka nilipouliza mwishoni, na hapo ungekuwa huna ungefanyaje, mi ningependa kusikia kwenye simu. Pia hakubeba mzani, ikabidi tutumie wa kwangu wa jikoni, na dozi zote zinategemea uzito, kwa hiyo kama hauna mzani nyumbani nunua kabla hujanunua hata sahani nzuri.

Kurudi kwake kwa ile 15,000 ndo kulikuwa na faida nisiyoitegemea. Kashata alishapata nguvu kidogo, akatuonyesha kumuogesha mchana jua likiwa kali, maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, unaanza kupaka shingoni mduara mzima ili viroboto wasikimbilie usoni, unasuuza, unamkausha hapo hapo. Akaleta matone ya madini ya chuma na dawa ya minyoo, maana minyoo ya safura nayo inanyonya damu na watoto wa paka wa mitaani wengi wanayo. Wenzake wote wakapata, na mimi nikafua kila kitambaa kwa maji ya moto, boksi nikalichoma, mkeka nikauanika, kwa sababu kumbe mayai na viluwiluwi vya viroboto vinakaa sakafuni na kwenye vitambaa, unaweza kumsafisha paka ukarudishiwa wale wale.

Sasa hivi fizi pinki, anang'ata kila kitu. Chanjo ya kwanza inakaribia, daktari kajitolea kuja nayo, nikamwambia asante dokta nitamleta mwenyewe mchana, maana bajaji yangu ni rahisi kuliko pikipiki yako.