Kununua tairi Tanga: soma tarakimu nne kabla ya kuuliza bei

Mwaka 2023 nilinunua matairi manne mapya Ngamiani, meusi ya kung'aa, vile vinyweleo vya mpira bado vimesimama. Nilitoa shilingi 520,000 nikarudi nyumbani moyo umetulia. Miezi mitano baadaye tunakwenda msibani Korogwe, saa nane mchana, jua kali, tumeshaipita Muheza, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Watoto walikuwa ndani. Namshukuru Mungu sikuwa kwenye mwendo mkali. Gari liliyumba, likasimama pembeni mwa shamba la mkonge. Fundi aliyekuja kutusaidia akaligeuza lile tairi, akalifuta vumbi kwa kidole gumba, akaniuliza, "Mama, hili umeuziwa lini? Mbona la 2015?"

Pameandikwa 3815.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue tairi gani, namuuliza kwanza kama amesoma umri wake. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na herufi DOT. Mwishoni kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Langu lilitoka kiwandani wiki ya 38 ya mwaka 2015, yaani Septemba. Lilikuwa limelala miaka minane nikauziwa kwa bei ya jipya.

Mpira huzeeka hata usipoguswa. Hewa na joto huukausha, jua huuchoma, na hapa kwetu matairi hupangwa barazani tangu asubuhi mpaka magharibi. Tena kiwandani huchanganywa nta ya kuukinga mpira, na nta hiyo hupanda juu pale tairi linapozunguka na kujikunja barabarani. Lililolala miaka halijikingi vizuri. Kwa macho utaona zima, kumbe ndani limeshachoka.

Shika na hili: mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu. Fundi akilivalisha kwenye ringi upande huo ukatazama ndani, huzioni tena mpaka uingie uvunguni mwa gari. Kwa hiyo soma kabla halijavalishwa, na usome yote manne. Mimi nimewahi kupewa matatu ya mwaka jana na moja kuukuu katikati.

Sasa nipange kwa mapenzi yangu, wala sifichi. Namba moja ni Bridgestone. Kampuni ya Kijapani, aliianzisha Shojiro Ishibashi mjini Kurume mwaka 1931, na jina lenyewe ni jina lake la ukoo limegeuzwa: ishi ni jiwe, bashi ni daraja. Ninayo mwaka wa pili sasa. Nimekwenda nayo Pangani na kurudi masika na kiangazi, mashimo yote yale, na ubavu haujatoa uvimbe hata mmoja. Bei yake inauma, lakini kama mfuko unaruhusu sioni sababu ya kutafuta jingine.

Namba mbili Michelin na Yokohama, chukua utakaloliona lina tarehe ya karibuni zaidi. Ndiyo, Bridgestone la miaka mitano dukani naliacha, nachukua Yokohama la mwaka jana. Mwisho wangu ni miaka miwili. Michelin wenyewe wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya kutumika, na likitimiza 10 tangu litengenezwe libadilishwe hata likionekana zima. Sasa ukinunua lenye minane unabakiwa na nini?

Ya Kichina kama Linglong yanatosha kwa safari za mjini, Chumbageni na sokoni. Ya mtumba sinunui.

Ukishanunua, pima upepo asubuhi gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya mlango wa dereva. Usimwachie kijana ajaze kwa kukisia. Upepo ukipungua ubavu unajikunja mno, unapata moto, na kwa joto la barabara ya Segera hapo ndipo tairi hupasuka. Hamisha ya mbele nyuma kila kilomita 10,000 hivi. Wanaoosha magari wakataze kupaka dizeli ili tairi ling'ae, inaula mpira. Na tairi la akiba nalo lina tarehe, kalitazame leo.

Kinachonichoma ni wauzaji. Niliporudi dukani na lile lililopasuka niliambiwa nimeligonga kwenye shimo. Nikaonyesha tarehe, nikaambiwa "hizo ni namba za kiwanda tu, dada." Anayeuza tairi kila siku hazijui kweli? Na bei nayo: asubuhi nikiuliza mimi ni 240,000 kwa moja, jioni akiuliza kaka yangu tairi lile lile ni 205,000. Bei ya mchele tunaandikiwa kwenye kibao, ya kitu kinachobeba roho za watoto tunatajiwa kwa kutazamwa sura.

Mwezi uliopita nilikwenda kununua mawili ya mbele. Nikawasha tochi ya simu, nikainama kusoma. Muuzaji akaniambia nimwachie, atanichagulia yeye. Nikasoma yote sita aliyokuwa nayo, nikatoka na mawili ya nyuma kabisa ya rundo.