Mabati kabla ya masika: geji gani ununue, na pesa inayobaki uiweke wapi

Jioni moja ya Aprili, upepo uliotangulia mvua uling'oa paa la jirani yangu hapa Mamboleo, Kisumu, ukalibwaga ng'ambo ya barabara. Watoto walikuwa kwa nyanya yao, na kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia. Kesho yake tulikwenda kumsaidia kukusanya, nikayageuza mabati yale kwa mikono yangu. Misumari ya bati ilikuwa imeshika vizuri kabisa. Mbao za inchi 2 kwa 2 zilikuwa bado zimeng'ang'ania bati. Palipoachia ni pale mbao zile zilipokutana na kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa: kila makutano msumari mmoja tu wa inchi 3, na ulichomoka ukiwa umenyooka vilevile ulivyoingia.

Mabati yenyewe yalikuwa geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati), ya bei. Fundi alikuwa amemwambia, "Mzee, ukishaweka geji 28 umemaliza."

Hakuwa amemaliza. Ndiyo maana mpangilio wangu wa nini kinunuliwe kwanza hautafanana na ule utakaopewa hadwea.

Kimbunga kama Melissa, kilichoipiga Jamaika tarehe 28 Oktoba 2025, hakifiki kwetu. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na vimbunga vya aina ile huhitaji mzunguko wa dunia uvisokote, nguvu ambayo ikweta haina. Sisi tunapata pepo za ngurumo. Joto la mchana na unyevu wa ziwa hupandisha wingu, halafu hewa baridi huporomoka kutoka juu na kusambaa chini kwa kishindo. Ni dakika chache tu, lakini paa halihesabu dakika. Upepo unaopita juu yake hulivuta kwenda juu, na ule ulioingia kupitia mlangoni au upenyo wa juu ya ukuta hulisukuma kutoka ndani. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe: bati hili litashikwa na nini?

Namba 1: Geji 30 halisi, ya mawimbi, pamoja na vishikizo vizuri

Kwa nyumba nyingi za Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru mjini, hili ndilo chaguo langu. Kumbuka namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: 28 ni takriban milimita 0.4, 30 ni 0.3, na 32 ni karibu 0.25. Geji 30 inatosha kama mbao zake hazikuachanishwa mno, na tofauti ya bei kati yake na 28 ndiyo itakayokununulia vitu vinavyozuia paa kuondoka.

Cha kwanza kati ya hivyo ni skrubu za mabati zenye mpira. Msumari laini huchomoka pole pole kadiri bati linavyotikisika; skrubu haichomoki kirahisi hivyo. Ukishindwa na bei, chukua misumari iliyosokotwa, ya inchi 2 na nusu. Wimbi la bati lina kimo cha karibu sentimita 2, kwa hiyo msumari huo unabakiza zaidi ya sentimita 4 ndani ya mbao. Wa inchi 2 unabakiza 3 tu, na pale kwenye upepo utaiona tofauti. Upigwe juu ya wimbi, usipigwe bondeni ambako maji hupita.

Kingo na pembe za paa ndizo zinazovutwa kwa nguvu zaidi, na ndipo mafundi wengi hupunguza misumari. Katikati ruka wimbi moja au mawili ukitaka, lakini ukingoni piga kila wimbi. Ongeza kilo moja ya misumari kwenye orodha kwa ajili hiyo, nawe usimame pale chini ukihesabu.

Cha pili ni ule ukanda wa chuma unaouzwa kwa mzingo. Fundi atakuelewa ukisema hupu-aini. Unapita juu ya kenchi na kushuka pande zote mbili hadi ukutani, ukiwa umeachwa ndani ya saruji wakati mawe ya mwisho yanajengwa. Florida waliimarisha kanuni zao za ujenzi baada ya kimbunga Andrew cha Agosti 1992, na vifungo vya namna hii vya kushikanisha paa na ukuta ni miongoni mwa vitu wanavyodai hadi leo. Huku kwetu ni kitu cha bei nafuu kuliko vyote vilivyo juu ya nyumba, na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Vipande vifupi vya ukanda huohuo vishikishe zile mbao za 2 kwa 2 kwenye kenchi. Jirani yangu angekuwa na hivyo, tusingekuwa tumevuka barabara asubuhi ile.

Namba 2: Geji 28

Ninaiweka ya pili kwa sababu ya pesa tu, si kwa ubaya wake. Ukiwa Molo, Kuresoi au upande wa Kericho, ambako mvua ya mawe ni jambo la kawaida, ipandishe iwe ya kwanza: bati nene halibonyei upesi, wala mshiko wa msumari haupanuki kuwa tundu. Sharti ni lilelile. Usinunue 28 kwa pesa za ukanda na skrubu.

Namba 3: Vigae vya chuma vyenye chembe za mawe

Vinapendeza, na kelele ya mvua hupungua sana. Lakini vinadai mbao nyingi zaidi, vishikizo vingi zaidi, na fundi anayevijua. Kama fundi wako anavijaribu kwako kwa mara ya kwanza, achana navyo.

Namba 4: Geji 32

Jiko la nje, banda la kuku, choo. Nyumba ya kulala watoto, hapana. Bati jembamba hupasuka kuzunguka kichwa cha msumari, ukabaki msumari mahali pake na bati limekwenda.

Namba 5: Mabati ya mtumba

Matundu ya zamani hayalingani na mbao zako, na kila tundu ni mahali pa maji kuozesha mbao inayoshika msumari mpya. Kwa ua wa shamba sawa.

Sasa jambo ambalo limeniuma mwenyewe. Niliwahi kununua "geji 30" mahali fulani mjini, risiti imeandikwa 30, na fundi aliyekuja na maikromita akasoma 0.24. Nililipia bati moja nikapewa jingine. Tangu siku hiyo sipakii mkokoteni kabla ya kupima, na muuzaji mwaminifu hanuni ukipima. Pima pembe mbili za bati, tena kumbuka kwamba kwenye bati la rangi ile rangi nayo inahesabika, kwa hiyo chuma chenyewe ni chembamba kuliko unavyosoma. Soma pia maandishi yaliyochapwa kwenye bati: jina la kiwanda, geji, na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Bati lisilo na maandishi yoyote, liache dukani.

Nunua Januari au Februari. Machi mvua ikianza, mafundi wazuri wameshachukuliwa, na utaezekewa na yeyote aliyebaki.

Kama paa lako lipo tayari na huna pesa ya kulibadilisha, usipandishe mawe na matairi juu yake. Upepo ukiinua bati, jiwe hilo hurudi chini kwa kasi, na huenda likatua kwa jirani. Badala yake chukua ngazi asubuhi, bati likiwa kavu na bado halijapata moto, ukague ukingo wa upande upepo unakotokea. Msumari ulioinuka usiupige tena kwenye tundu lilelile, maana mbao pale imeshalegea. Ung'oe, ziba tundu, kisha weka skrubu kwenye wimbi linalofuata. Halafu ingia ndani na tochi, utazame juu pale kenchi inapolala ukutani. Ukiona msumari mmoja tu, unajua pesa ya mwezi huu inaenda wapi.