Mbolea ya kuku ya kiroba: nyota tatu, na muulize kuku walipewa nini

Nimenunua viroba kumi kwa kijana mmoja wa huku Tegeta, 3,000 kila kimoja, kaleta mwenyewe kwa kirikuu. Kwa ujazo sina neno. Hakuchanganya mchanga kama wenzake, na maranda ni machache. Viwili nilivitia moja kwa moja kwenye tuta la mchicha, umetoka majani mapana mpaka jirani kaja kuuliza.

Kiroba cha tatu ndicho kilichonitibua. Nakimwaga, zinadondoka pakiti tupu za OTC (oksitetrasaiklini) na kichupa cha enrofloksasini, zote dawa za kuua bakteria. Nikampigia. Akacheka: "Mama, kuku wa nyama bila dawa si hasara hiyo?"

Mimi nimestaafia maabara. OTC haiishii tumboni mwa kuku. Sehemu kubwa hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu, na bakteria wanaosalia humo ni wale walioizoea. Tena kuna virusi. Si vya mafua, hivi huvamia bakteria tu. Kirusi kikizaliana ndani ya bakteria, mara mojamoja hukosea: hufungasha kipande cha vinasaba vya mwenyeji badala ya vyake, kikaenda kukidunga kwa bakteria mwingine. Kipande kikiwa na usugu, huyo wa pili anakuwa sugu bila hata kuionja dawa. Uhamaji huu wa vinasaba wanasayansi Zinder na Lederberg waliueleza mwaka 1952, kwa Salmonella. Na enrofloksasini inavyojeruhi vinasaba vya bakteria, huweza kuviamsha virusi vilivyolala ndani yake. Yaani dawa yenyewe inampigia msafirishaji honi!

Viroba vilivyobaki nimevilundika na majani makavu, napindua kila siku ya tatu. Nondo niliyochomeka katikati haishikiki kwa moto. Nyuzi 55 kwa siku kadhaa huua bakteria wengi wa maradhi, ila virusi vingine ni vigumu kuliko wao, kwa hiyo lundo lote litakwenda kwenye migomba. Mchicha tunaupika, sina wasiwasi sana. Giligilani ya kachumbari sijaigusisha.

Nyota mbili nimekata kwa zile pakiti. Nimemwomba anitafutie kinyesi cha kuku wa kienyeji, hata kwa 5,000. Kasema mama yake anao, atanipigia.