Queen of Katwe: Madina ndo kaibeba

Jana nimeirudia hii muvi ya 2016 kwa kibanda kimoja hapa Kampala, spika zinakwaruza balaa ila tukakaa hadi mwisho. Kusema kweli muongozaji Mira Nair alicheza karata vizuri kumpa Madina Nalwanga, binti wa hapa hapa ambaye hakuwahi kuigiza filamu, nafasi ya Phiona, yule msichana wa Katwe anayecheza chesi, maana akiuza mahindi huoni mtu anaigiza, unamuona dada wa mtaani kwenu kabisaa. Lupita kama mama, hasira zote ziko machoni, haongei sana na bado unanyooka. David Oyelowo sawa, kocha mzuri wa chesi, ila lafudhi yake mara ni ya kwetu mara imepotea, jamaa wa nyuma yangu walikuwa wanacheka tu.