Nguzo ya umeme ya uani imeoza: ununue ipi ukiwa Tanga?

Kabla hujatoa hata shilingi, simama chini ya nguzo utazame waya unatoka wapi. Ukitoka barabarani na kuishia kwenye mita yako ya LUKU, hiyo ni kazi ya TANESCO. Wapigie simu, usiiguse, hata kama imesimama katikati ya mihogo yako. Ninayoizungumzia ni ile iliyo baada ya mita, inayopeleka umeme kwenye banda la uani, pampu ya kisima au chumba cha mpangaji. Hiyo ni yako, na ikimwangukia mbuzi wa jirani ni yako vilevile.

Yangu kwa juu ilikuwa ngumu kabisa. Nilifukua udongo kiganja kimoja, nikachoma bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Nguzo huozea hapo, udongo unapokutana na hewa, kwa hiyo kuigonga kwenye usawa wa kifua hakukuambii kitu.

Ya kwanza kwangu ni mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani, zile zinazoshuka kutoka Mufindi na Njombe. Dawa yenyewe ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki, na husukumwa kwa mgandamizo. Lakini inashika sehemu ya nje tu, moyo wa mti hauinywi. Basi ukiuziwa kipande kilichokatwa kutoka nguzo ndefu, ncha iliyokatwa iende juu, na ile ya kiwandani iingie shimoni. Mafundi hupenda kugeuza kwa sababu ncha mpya imenyooka. Kataa, utakuwa unawaandalia mchwa karamu. Rangi ya kijani isikudanganye pia, brashi inaweza kuipaka. Mwombe muuzaji akate kisahani chembamba juu: pete ya dawa iwe imeingia ndani, si ngozi tu. Nyufa nyembamba za kwenda na urefu hazina neno.

Nguzo ya mita 7 inatosha nyumba nyingi. Shimo lake ni sehemu ya kumi ya urefu ukiongeza sentimita 60, yaani mita 1.3. Hapa kwetu pwani kuna viwanja ambavyo ukichimba kidogo tu unagonga jiwe la matumbawe, na mchimbaji atakwambia “imetosha, bosi” akiwa magotini. Haijatosha. Ngoja kusi ianze kuvuma uone.

Ya pili si nguzo: kebo ya ardhini yenye ganda la chuma. Bei yake inauma, ila haijui upepo. Kama banda liko hatua chache na udongo ni laini, ningeipandisha iwe ya kwanza.

Bomba la chuma lililopakwa zinki nalipa nafasi ya tatu, na kwa Raskazone au Sahare, ambako hewa ni chumvi tupu, nalishusha zaidi. Lazima pia liwe na ethi, yaani waya wa kuupeleka umeme uliovuja ardhini, maana waya ukichubuka bomba zima lina umeme, na watoto hupenda kuegemea.

Zege ni imara, lakini nani ataibeba? Vichochoro vya Ngamiani havipitishi winchi. Ile ya kumwagwa mtaani, nondo zikikaa karibu na uso, chumvi huzifikia, zinavimba kwa kutu na zege linapasuka.

Mtiki wa Longuza, shamba la miti kule Muheza, ni mti mzuri, ila fito nyembamba zinazokatwa kupunguza msongamano wa shamba ni nyeupe karibu zote, na weupe huo mchwa wanaula. Boriti za mkoko waachie wajenzi wa paa: ni fupi, na kukata mikoko kunataka kibali cha TFS, wakala wa misitu.

Kufunga nyaya mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, naye azime swichi kuu kwanza.

Nguzo kuukuu uliyong'oa, kama ilitiwa dawa, isiende jikoni. Arseniki hubaki kwenye majivu, na moshi wake ni sumu. Mimi yangu nimeikata vipande vitatu, ndivyo vinavyoshika lango la kuku.