Isiukhu na kinu cha maji: siku yangu katika msitu wa Kakamega

Miaka yote niliyokaa Kisumu, msitu wa Kakamega nilikuwa nikiupita tu nikielekea Webuye. Mwezi uliopita nilishuka, mimi na mpwa wangu wa miaka kumi na miwili, tukaenda kuona maporomoko ya mto Isiukhu upande wa Buyangu.

Nianze na lawama niimalize. Waliotupangia safari waliahidi gari saa kumi na mbili asubuhi. Dereva alifika saa mbili na nusu, bila hata simu. Kwingine ungesamehe, lakini Kakamega mvua hupenda kunyesha mchana, karibu kila siku, na saa mbili na nusu ukizipoteza asubuhi utazilipa jioni ukiwa umelowa. Tulizilipa. Jingine ni kiingilio: hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si pesa taslimu, kwa hiyo lipa ukiwa mjini kabla hujafika langoni. Kutoka mji wa Kakamega ni kama kilomita 20 kwa barabara ya Webuye, kisha unakata kulia.

Sasa matembezi yenyewe. Kwenda maporomokoni ni mwendo mfupi, hata mtoto anauweza, lakini sisi tulichukua karibu saa mbili kwa sababu ya kijana aliyetuongoza. Tafadhali usiingie bila mwongozaji ukidhani unaokoa pesa. Peke yangu ningeona miti tu. Yeye alitusimamisha kwenye mti uitwao mwiritsa, akatuonyesha kovu refu kwenye shina mahali watu walipobandua gome. Gome hilo huuzwa hadi ng'ambo kwa dawa ya tezi dume, na mti ukibanduliwa kuuzunguka wote hufa. Mpwa wangu aliweka kiganja juu ya kovu, akauliza kama mti unaumia. Hakuna aliyemcheka.

Halafu mti uitwao mukumu. Ndege huacha mbegu juu kwenye tawi la mti mwingine, mche unaota hukohuko, unashusha mizizi hadi ardhini, na mwaka baada ya mwaka mizizi inanenepa na kushikana hadi mwenyeji wake anakufa na kuoza ndani. Tuliingia kwenye huo uwazi, sote watatu, tukainua macho: mizizi imesukwa kama tenga la kuku, na mwanga unapenya kwenye matundu. Kulikuwa na baridi humo, na harufu ya udongo. Nje mbega walikuwa wakiruka, manyoya yao meupe yakining'inia kama shuka iliyoanikwa.

Kuhusu maporomoko, usiende ukitarajia yale ya Nyahururu yenye mita 74. Isiukhu haianguki kutoka juu. Inajigawa juu ya mwamba mweusi na kuteremka kwa kelele kati ya miti, na maji hayo mwishowe huingia mto Nzoia na kufika Ziwa Victoria. Miamba inateleza mno. Vaa viatu vyenye meno, na mtoto mshike mkono. Tulikula mahindi ya kuchemsha pale, mvua ikatukuta.

Tulipokuwa tumejibanza kusubiri iishe, nilimwambia yule kijana kwamba kukhu wangu, yaani nyanya, alizoea kusimulia foleni za kinu cha maji, kile kinachosaga mahindi kwa nguvu ya mto, wanawake wakilala mtoni na magunia yao. Akanitazama. "Mama, kwetu kipo. Kilichobaki chake."

Basi tulipotoka hifadhini akatupeleka kwenye kijito katikati ya mashamba, baada ya kuomba ruhusa kwa mzee mwenye boma. Magharibi hii ilikuwa na vinu vya namna hiyo vingi enzi za ukoloni, hasa miaka ya 1920 na 1930, mahindi yalipokuwa zao la biashara. Huko Kaimosi, wamishonari Waquaker waliofika 1902 walitumia maji ya mto kupasulia mbao. Baadaye mashine za dizeli zilikuja, vinu vikaachwa.

Kilichobaki ni msingi wa mawe uliofunikwa na magugu, mfereji uliojaa matope na nepia, na jiwe la juu la kusagia. Jiwe hilo sasa ni ngazi ya mlango wa jikoni. Nilichuchumaa nikapitisha kidole kwenye mifereji yake midogo, inayotoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni. Mahindi yaliingia hapo kati, unga ukasukumwa nje. Upande mmoja mifereji imekwisha kabisa, pamekuwa laini kama sabuni, kwa miguu ya watu wa boma hilo. Mzee alisema mwenye kinu hakuchukua pesa, alichota kibaba kwenye kila gunia.

Nilitamani nimwambie aliinue lile jiwe aliweke mahali pakavu. Sikusema, ni lake. Lakini mtu wa makumbusho, au mwalimu tu na wanafunzi wake, angefika hapo kabla mifereji yote haijafutika, ningefurahi sana.

Waongozaji utawapata langoni. Omba njia ya Isiukhu, na kama unataka kinu, sema mapema, kwa sababu lazima mzee aulizwe kwanza. Sisi tulimbebea sukari na majani ya chai, naye akatufungia mukombero, mzizi wa kutafuna njiani. Mpwa wangu alitafuna hadi Chavakali.